Ritani za kodi za Marekani kwa anayemdhamini mwenzi kutoka ng'ambo

Raia wa Marekani anayefanya kazi Dar au Muscat bado anadaiwa ritani (tamko la kodi ya mapato la mwaka) kipato kikifikia kiwango. Umbali si kisingizio. Fomu I-864, ahadi ya kumkimu mwenzi anayeomba kuhamia Marekani, inataka ritani ya mwaka wa karibuni, ya miaka 3 ni hiari.

Transkripti, yaani muhtasari rasmi wa ritani, hupatikana bure kwenye akaunti ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) mtandaoni. Ikigoma, tuma fomu 4506-T ya kuomba transkripti, ukijaza pia anwani ya zamani iliyo kwenye ritani ya mwisho. Isipolingana, ombi hukwama.

Hukuwasilisha? Wasilisha kwanza zilizochelewa.

Panapochanganya wengi ni fomu 2555: huondoa mshahara wa ng'ambo, hivyo mstari wa 9 (jumla ya kipato) wa 1040, fomu kuu ya ritani, unaweza kusoma sifuri. Iandike hivyo hivyo kwenye I-864, uambatishe 2555. Mshahara utakaokoma ukihama hauhesabiwi. Tafuta mapema mdhamini mwenza, mtu mwingine mwenye kipato cha kutosha.