Timu yako imefungwa kwa pointi mbili Septemba? Fanya hivi

Jumamosi ya Septemba 7, 2024 nilikuwa uwanjani South Bend, Indiana, timu yangu ya futiboli ya Marekani ya vyuo, Notre Dame, ilipofungwa na Northern Illinois 16-14. Zikiwa zimebaki sekunde 31, mkwaju wao wa pointi tatu, wa yadi 35, ulipita katikati ya milingoti. Tukajaribu kujibu kwa yadi 62, mpira ukazuiwa. Watu wa safu ya mbele yangu walibaki wamesimama, kofia mikononi, kama wanaosubiri tangazo jingine.

Nikiwa bado kwenye maegesho, mdogo wangu akanipigia. "Kaka, msimu umekwisha."

"Nipe mpaka kesho jioni, dogo."

Nilichofanya tangu usiku ule ndicho ninachokushauri, maana futiboli ya vyuo ina mechi 12 tu za kawaida na shabiki hukata tamaa upesi.

Kwanza, usiku huo usibishane na mtu. Lala.

Jumapili itazame mechi yote upya, kalamu mkononi. Kazi kubwa iko hapa, usiikwepe hata kama moyo unauma. Gawa ukurasa wa daftari katikati. Kushoto andika makosa yanayorekebishika kwa mazoezi ya wiki: pasi mbovu, mpira ulioangushwa, adhabu za kijinga, mlinzi aliyemwachia mtu. Kulia andika pale mliposhindwa kwa nguvu, yaani mtu wenu alijua anachotakiwa kufanya, akakifanya sawasawa, na bado akasukumwa.

Kushoto kwangu kulijaa. Riley Leonard, mrushaji wetu mkuu wa pasi, alirusha pasi mbili zilizodakwa na wapinzani, na ya pili ndiyo iliyowapa njia ya kwenda kupiga mkwaju wa ushindi. Kulikuwa pia na pasi moja tu ya kwao iliyozaa tachidauni (bao la pointi sita) ya yadi 83. Kulia niliandika jambo moja: walitushinda yadi za kukimbia na mpira. Hilo lilinitisha, nikarudia kutazama shambulizi lao la mwisho mara nne. Lakini wiki moja kabla, vijana wetu walewale walikuwa wameifunga Texas A&M 23-13 ugenini, College Station. Nguvu walikuwa nayo. Kama upande wako wa kulia ndio mrefu, jiambie ukweli na upunguze matarajio mapema.

Jumatatu chukua ratiba. Tangu msimu wa 2024 mchujo wa kuwania ubingwa wa taifa una timu 12, si 4 tena, kwa hiyo kushindwa mara moja hakukutoi. Notre Dame haimo kwenye konferensi (ligi ya kundi la vyuo) yoyote katika futiboli, hivyo haina taji la konferensi la kuiingiza, inategemea kamati inayochagua timu za mchujo. Nikaandika juu ya ukurasa: hakuna kupoteza tena. Timu kama hizo zimewahi kuwapo. Florida ilifungwa na Ole Miss 31-30 nyumbani Septemba 2008, mkwaju wake wa pointi ya nyongeza baada ya tachidauni ukiwa umezuiwa, kisha ikashinda mechi zote zilizobaki na kuchukua ubingwa wa taifa.

Waombee mema pia waliokufunga. Northern Illinois walifungwa na Buffalo 23-20 mechi yao iliyofuata, na mimi niliumia kama shabiki wao, kwa sababu kila wanapopoteza, doa lako linazidi kuonekana.

Na matumaini yako yasivuke mpaka. Mwaka 2025 tulianza kwa kufungwa na Miami 27-24, kisha Texas A&M 41-40. Pointi nne jumla. Tukashinda 10 zilizofuata, na Desemba kamati ikatuacha nje ya mchujo huku Miami wakiingia. Matumaini ya mechi moja si sawa na ya mbili. Ya pili hukuweka mikononi mwa watu wengine.

Mwisho, Jumamosi inayofuata fungua ukurasa mpya na uangalie robo ya kwanza tu: yale ya kushoto yamerekebishwa? Sisi tulikwenda kwa Purdue, tukawafunga 66-7. Kabla ya mapumziko simu ikaita.

"Kaka, daftari linasemaje?"

Nikamsomea.