Masizi yanategemea mafuta: jipimie mwenyewe kwa chemli

Natengeneza taa hapa Kirumba, Mwanza. Wavuvi wengi wa dagaa wamehamia sola, lakini karabai na chemli bado zinaletwa, na lawama ni ileile: "Fundi, taa yako inatoa moshi." Mara nyingi kosa ni la mafuta. Na ndege zinazotua hapo Ilemela ni vivyo hivyo, maana mafuta yake, yaitwayo Jet A-1, ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa.

Tafuta chemli moja, tambi mbili mpya, rula, robo lita ya mafuta ya taa na dizeli kidogo. Petroli usiisogeze kabisa. Fanya asubuhi, upepo wa ziwa haujaanza.

1. Weka mafuta ya taa matupu, washa, subiri dakika tano kioo kipate moto.

2. Pandisha utambi polepole. Mwali utachongoka, kisha ncha itatoa uzi mweusi, mwembamba kama unywele. Rudisha kidogo mpaka uzi upotee. Simamisha rula nje ya kioo, upime urefu wa mwali, uandike.

3. Zima, acha ipoe, badili utambi (wa zamani umeshanywa mafuta, utakudanganya). Changanya vijiko vitano vya dizeli kwenye mafuta yaliyobaki, urudie.

Safari hii uzi mweusi unatokea mwali ukiwa bado mfupi. Watu husema mafuta ni machafu. Hapana, hata yanayong'aa kama maji yanaweza kutoa masizi. Tatizo ni aromatiki, kaboni zilizojifunga pete. Pete huungana ndani ya moto mpaka ziwe chembe ya masizi, na mbaya zaidi ni zenye pete mbili, jamii ya naftalini ile ya kabatini.

Maabara hupima Jet A-1 kwa taa maalumu ya utambi, kwa mtindo huuhuu: mwali ufike milimita 25 bila moshi, au 18 ikiwa naftalini hazizidi asilimia 3. Usilinganishe na namba zako. Chemli si taa yao. Linganisha mafuta kwa mafuta.

Mafuta ya ndege ya kutengenezwa, kwa mfano yatokanayo na mafuta ya kupikia yaliyotumika, hayana pete nyingi, ndiyo maana yakichanganywa na Jet A-1 chembe hupungua, hasa injini ikiwa kwenye nguvu ndogo. Ila mchanganyiko huo hutakiwa kubaki na aromatiki angalau asilimia 8, kwa sababu ndizo zinazovimbisha mipira ya kuzibia maungio ya mafuta kwenye ndege. Zikikosekana, mipira husinyaa na mafuta huvuja.