SOMO: Kutamka O(n), O(n log n) na O(n²) mpaka mwenzio aelewe

Wakuu, O(n) na wenzake ni namna ya kusema hatua za programu zinaongezekaje data (hiyo n) zikiongezeka. Kuzitamka naulizwa kila wiki, naliandika hapa mara moja, nikiulizwa tena narudisha mtu hapahapa.

1. O ni herufi, sio sifuri.

2. Mabano soma "ya". O(n) ni "o ya en", O(1) ni "o ya moja".

3. O(n log n) ni "o ya en logi en", itoe kwa pumzi moja. Ukitua baada ya en ya kwanza mwenzio keshaandika O(n).

4. O(n²). Hapa ndo niliumia. Intavyuu ya simu, nikaulizwa lupu (kipande cha programu kinachojirudia) ndani ya lupu inakula muda gani, nikajibu "o ya en mara mbili". Kichwani nina n mara n, ila Kiswahili "en mara mbili" ni 2n na jamaa alisikia hivyohivyo, akauliza una uhakika, nikasema kabisa, kitumbua kikaingia mchanga. Data zikiwa 1,000, 2n ni hatua 2,000 lakini n² ni 1,000,000, na 2n kwenye O inabaki O(n) tu maana kizidisho hakihesabiwi. Sema "en skwea" au "en kipeo cha pili". ANGALIZO: usiigeuze ikawa "mbili kipeo cha en", hiyo n ikiwa 30 tu inapita bilioni.

5. Ndugu zake O: Θ ni "theta", Ω ni "omega".

MASWALI

— Mkuu, hiyo n² inasomwaje?
Hatua ya 4.

— Sisi kazini tunasema "oda en", tunakosea?
Hamkosei. Mi nimeandika kwa anayeanza, sijasema ni njia pekee.

— Kwani kwa nini O na sio herufi nyingine?
Safi sana. Ilianza kwa Mjerumani Paul Bachmann, 1894, O ya Ordnung, yaani oda, kwa hiyo huyo wa "oda en" yuko karibu na asili kuliko sisi. Mwanahisabati Mjerumani mwenzie, Landau, akaieneza, halafu 1976 Knuth, Mmarekani wa sayansi ya kompyuta, akawawekea watu wa kompyuta omega na theta vizuri, na O yenyewe akaiita omikroni, ile ya Kigiriki.

— Logi ya ngapi hiyo?
Kwetu mara nyingi ya 2, yaani unagawa n nusu mara ngapi mpaka ibaki 1. Kutafuta kwa kugawa nusu kwenye orodha ya 1,000,000 iliyopangwa ni kama hatua 20 tu. Ndani ya O hata ukiweka ya 10 haibadiliki kitu, tofauti ni kizidisho.

— Hiyo ² ndogo mnaiandikaje kwenye simu?
Shikilia 2 kwenye kibodi, inatokea juu. Ikigoma andika n^2.