Kabla Lori Halijafika Namanga: Namna ya Kuandaa Mahindi kwa Kipimo cha Sumukuvu

Wafanyabiashara wengi wanaopeleka mahindi Kenya kutoka Kibaigwa, Kiteto au Babati huichukulia Namanga, kituo cha mpaka wa Tanzania na Kenya, kuwa ni mahali pa karatasi, na wakishakamilisha karatasi zao huona kazi imekwisha. Karatasi zina nafasi yake, nami nitazieleza, lakini kinachoamua kama lori litavuka au litageuzwa ni gramu chache za unga zilizotolewa katika mzigo wa tani 30 na kutikiswa ndani ya chupa ili kupima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuhakikisha kwamba gramu hizo zinasema kweli kuhusu mzigo mzima, na kwamba mwenye mzigo anaijua kweli hiyo kabla hajalipa nauli ya lori.

Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ya punje kinataka sumukuvu ya aflatoksini isizidi mikrogramu 10 kwa kila kilo kwa jumla ya aina zake zote, na aina ya B1, ambayo ndiyo kali kuliko zote, isizidi mikrogramu 5. Kwa hesabu rahisi, mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 1 ya sumu iliyotawanyika katika tani 100 za mahindi. Kiasi hicho hakionekani kwa macho wala hakisikiki kwa ulimi, na moto wa kupikia ugali hauiondoi sumu hiyo. Kiwango hicho hicho kinataka unyevu usizidi asilimia 13.5, na kinaweka pia kikomo cha sumu nyingine ya kuvu iitwayo fumonisini, miligramu 2 kwa kilo.

Anayeona masharti haya kuwa usumbufu wa maofisa na akumbuke mwaka 2004, ambapo ugonjwa uliotokana na mahindi yenye sumukuvu uliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, wengi wao wa Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafariki. Akumbuke pia mwaka 2016, ambapo Dodoma na Manyara, mikoa ile ile tunakonunua, iliwapoteza watu 20 kati ya 68 waliougua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti: mwagizaji awe amesajiliwa, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi mikrogramu 10 kwa kilo, na ijulikane mahindi yalilimwa wilaya gani.

Jambo la kwanza kulielewa, na ndilo linalowaponza wengi, ni kwamba sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo. Kuvu huota pale palipopata maji, palipotobolewa na dumuzi au palipopasuka ganda, kwa hiyo punje chache zinaweza kubeba sumu nyingi mno huku maelfu ya punje za jirani zikiwa safi kabisa. Ukichota konzi moja katika gunia lililo karibu na mlango wa ghala, unaweza kuzikosa punje hizo zote na kupata jibu zuri la uongo, au ukaziangukia na kupata jibu baya kuliko hali halisi ya mzigo. Makosa mengi ya vipimo hivi hutokea kwenye uchukuaji wa sampuli, kabla hata kifaa cha maabara hakijawashwa. Ndiyo maana nashauri jitihada kubwa zaidi iwekwe hapo.

Niliwahi kusimama kando ya lori lililokaa njiani siku nne kwa ubovu wa gia, tena katika mvua. Turubai lilikuwa limechanika kwenye pembe ya nyuma, na magunia ya pembe hiyo yalikuwa yamelowa ubavu. Mkaguzi alipochoma bambo, ule mrija wenye ncha wa kuchotea punje guniani, katika gunia la pembeni, punje zilizomtiririkia kiganjani zilikuwa zimeshikamana mbilimbili, zenye vumbi la kijani kwenye kitovu na harufu ya uvundo. Alipochoma gunia la katikati, zilimiminika kavu na kulia kama changarawe ndani ya beseni. Lori lilikuwa moja na cheti kilikuwa kimoja, lakini ndani yake mlikuwa na mahindi ya hali mbili.

Wakati mzuri wa kuchukua sampuli ni wakati wa kupakia, kila gunia linapopita mbele yako, kwa sababu lori likishajaa bambo hulifikia gunia la juu na la pembeni tu. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mzigo wa magunia yasiyozidi 10 huchomwa yote, mzigo wa magunia 10 hadi 100 huchaguliwa 10 bila upendeleo, na ukizidi 100 huchaguliwa magunia yanayolingana na kipeuo cha pili cha idadi yake. Kwa magunia 300 kipeuo hicho ni 17 na kidogo, kwa hiyo utachoma 18, yaani kila gunia la 16 linalopita. Kila gunia lichomwe mara tatu, juu, katikati na chini, na ukitoa takriban gramu 100 kwa kila mchomo utapata kilo 5 na ziada kidogo. Usimruhusu mpakiaji akuchagulie magunia, hata kama nia yake ni njema.

Kilo hizo zote zisagwe. Hapa ndipo watu hukata njia ya mkato: huchota kikombe kimoja cha punje katika zile kilo 5 na kusaga hicho tu, wakarudi kwenye tatizo lile lile la konzi. Saga zote zilainike kama unga wa ugali, katika kinu kilichosafishwa baada ya mzigo uliotangulia, kisha uchanganye unga vizuri juu ya turubai safi, uurundike, uugawe robo nne, uchukue robo mbili zinazotazamana na kurudia mpaka ubaki na kiasi kinachotosha. Gawa kiasi hicho mafungu matatu ndani ya mifuko inayofungwa kwa lakiri: moja la kupima, moja la kwako na moja la akiba endapo kutatokea ubishi. Andika juu ya kila mfuko tarehe, namba ya lori, idadi ya magunia na kijiji mahindi yalikotoka.

Kipimo cha haraka chenyewe hakina ugumu. Unga uliopimwa kwa mizani hutikiswa pamoja na ethanoli iliyochanganywa na maji, huachwa utulie, maji ya juu huchujwa, kisha matone machache huwekwa kwenye ukanda mdogo unaosomwa na mashine baada ya dakika chache. Kila aina ya kifaa ina vipimo vyake vya unga, ethanoli na muda. Vifuate kama vilivyoandikwa, kwa maana ukanda uliosomwa mapema au uliohifadhiwa kwenye joto la dashibodi hautoi jibu la kuaminika. Jibu likija mikrogramu 8 au 9, mimi sipakii. Tofauti kati ya sampuli moja na nyingine inatosha kulivusha jibu hilo juu ya 10 utakapofika mpakani, na mzigo ninaoupeleka kwa utulivu ni ule uliosoma 5 au chini yake.

Unyevu usipimwe kwa meno. Ile njia ya kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa inasaidia kutambua mahindi mabichi, lakini chumvi huanza kunata kwenye kioo unyevu unapozidi asilimia 15 hivi, kwa hiyo mahindi yanaweza kuifaulu chupa na kuanguka mpakani. Tumia kipima unyevu, na usome gunia kwa gunia badala ya kutafuta wastani; gunia la asilimia 12 likikaa karibu na la 16, wastani ni 14, lakini kuvu itaota katika lile la 16 bila kujali wastani wako. Magunia yenye unyevu yarudishwe kuanikwa juu ya turubai, si juu ya udongo, na punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi zitolewe, kwa kuwa ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu. Kukausha kunazuia sumu mpya, hakuiondoi iliyokwishaingia.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Mwagizaji aliyeko Kenya apate kwanza kibali cha kuingiza mazao kutoka KEPHIS, shirika la Kenya linalokagua afya ya mimea. Kwa upande wa Tanzania kunahitajika kibali cha kusafirisha nje cha Wizara ya Kilimo, cheti cha afya ya mimea cha TPHPA (Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania), cheti cha uasili wa bidhaa na cheti cha kipimo cha sumukuvu. Mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 anaweza kutumia cheti cha uasili kilichorahisishwa, ila urahisi huo ni wa ushuru na haumwondolei kipimo. Cheti cha kipimo ni cha mzigo uliopimwa tu: ukiongeza magunia 20 njiani, umebeba mzigo mwingine.

Mpakani, uwepo wewe au wakala wako wakati bambo linapoingia guniani, na uombe kwa heshima kwamba magunia ya ndani nayo yashushwe na kuchomwa. Mzigo ukikataliwa, omba jibu kwa maandishi lenye namba iliyosomwa na njia iliyotumika, kisha uombe fungu la akiba lipelekwe maabara kwa kipimo cha uthibitisho, ambacho hutenganisha sumu hizo moja moja. Uthibitisho ukirudi na namba ile ile, usitafute njia ya panya, usichanganye mahindi hayo na mengine ili kupunguza makali, na usiyauze kuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa, kwa sababu sumu hiyo hupita kwa ng'ombe na kutokea kwenye maziwa wanayopewa watoto. Uliza mamlaka kama mzigo utarudishwa au utateketezwa, na ufuate watakavyoamua.

Mzigo ukivuka, fungu lako la unga liendelee kukaa mahali pakavu na penye ubaridi, lakiri yake ikiwa haijaguswa, hadi mwenye kinu upande wa pili athibitishe kwamba magunia yote yamesagwa na kuuzwa.