Kukusanya kadi za zamani za wadakaji wa besiboli ukiwa Arusha au Moshi

Kadi ya besiboli ni karatasi ngumu ndogo yenye picha ya mchezaji. Mkusanyaji aliye Marekani huishika kadi, huigeuza na kuinusa kabla hajatoa pesa. Aliye Arusha ananunua picha kwenye simu, na kadi yenyewe ataiona wiki kadhaa baadaye posta pale Mnara wa Saa. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila hatua hapa chini: unapaswa kuijua kadi vizuri kabla haijafungwa kwenye bahasha, maana ikishavuka bahari gharama ya kuirudisha inaweza kuzidi thamani yake.

Chagua mtu kwanza

Mdakaji ni yule anayechutama nyuma ya mpigaji, barakoa usoni na kinga magotini, akiupokea kila mpira wa mrushaji. Katika timu yake ni yeye peke yake anayewatazama wenzake wote usoni, kama kipa anavyouona uwanja mzima wa soka. Kwa mkusanyaji ana faida nyingine: bei. Yogi Berra alishinda World Series, fainali ya ubingwa wa besiboli ya Marekani, mara 10 akiwa mchezaji, rekodi ambayo haijavunjwa, lakini kadi zake huuzwa chini sana ya zile za Mickey Mantle, nyota aliyecheza naye New York Yankees.

Shika mdakaji mmoja, wawili wakizidi. Anayenunua kila kinachong'aa huishia na rundo lisilo na uso. Kadi ya kwanza ya Berra ni ya kampuni ya Bowman, mwaka 1948, namba 6 kwenye seti, nyeusi na nyeupe. Roy Campanella wa Brooklyn Dodgers, aliyetokea ligi za wachezaji Weusi za enzi za ubaguzi, anaanza na Bowman ya 1949, namba 84. Wote wawili walitajwa wachezaji bora wa ligi zao mara tatu, na mwaka 1951 na 1955 walitajwa pamoja, kila mmoja kwenye ligi yake.

Wa Campanella ni mfululizo tunaoupendekeza kwa moyo wote, kwa sababu kadi zake zinasimulia maisha yake. Kadi ya kampuni ya Topps ya 1957, namba 210, inamwonyesha akiwa bado mchezaji. Januari 1958 gari alilokuwa akiendesha lilipinduka, akapooza. Topps ya 1959, namba 550, inamwonyesha kwenye kiti cha magurudumu. Ukiziweka hizo mbili ukurasa mmoja, mgeni yeyote ataelewa bila maelezo. Usihangaike kumtafuta kwenye Topps za 1954 na 1955, kwani miaka hiyo yuko upande wa Bowman. Kampuni hizo mbili zilikuwa zikigombania wachezaji hadi Topps ilipoinunua Bowman mwaka 1956.

Elston Howard, Mweusi wa kwanza kuichezea Yankees, yuko kwenye Bowman ya 1955, namba 68, ndani ya fremu iliyochorwa kama televisheni ya zamani ya mbao. Mwenye bajeti ndogo aende miaka ya 1960 na 1970. Johnny Bench ni Topps ya 1968, namba 247, yenye fremu inayofanana na gunia. Thurman Munson ni 1970, namba 189. Carlton Fisk ni 1972, namba 79. Gary Carter ni 1975, namba 620. Bench, Munson na Fisk wako kwenye kadi za pamoja na chipukizi wengine, kwa hiyo soma majina yote kabla hujadhani umetumiwa kadi siyo.

Angalizo kuhusu Josh Gibson, pengine mdakaji mkali kuliko wote. Alifariki Januari 1947, Bowman ikaanza kutoa kadi za besiboli mwaka 1948 na Topps mwaka 1951. Hakuna hata moja kati ya kampuni hizo iliyomchapa akiwa hai. Anayekuuzia Gibson "ya Topps ya zamani" kwa bei ya kutupa anakuuzia kadi iliyochapwa miaka mingi baadaye.

Rula, lenzi na tochi

Mwombe muuzaji picha tatu: mbele na nyuma kadi ikiwa nje ya plastiki, kadi ikiwa imelazwa pembeni ya rula ya milimita, na kadi ikiwa imeinamishwa chini ya taa ya upande mmoja. Akikataa zote tatu, mwache.

Rula ndiyo inayokamata wengi. Bowman za 1948 na 1949 ni ndogo, milimita 52 kwa 64. Za 1951 na 1952 ni 52 kwa 79. Topps za 1952 hadi 1956 ni kubwa, 67 kwa 95, na kuanzia 1957 ni 64 kwa 89, kipimo kinachotumika mpaka leo. Sasa angalia: mwaka 1983 Topps yenyewe ilichapa upya seti ya 1952, lakini kwa kipimo kidogo cha 64 kwa 89. Ukiona Berra ya 1952, namba 191, yenye urefu wa milimita 89, hiyo ni nakala iliyochapwa upya, hata kama tangazo limeapa vinginevyo. Neno "reprint" au herufi RP kwenye tangazo zina maana hiyohiyo, na mara nyingi hufichwa mstari wa mwisho.

Kipimo pia hufichua kadi iliyokatwa. Watu hupunguza kingo zilizochakaa ili pembe zionekane kali. Nusu milimita ni tofauti ya kiwandani. Ikipungua milimita nzima upande mmoja, na pembe ni kali wakati mgongo umechoka, usinunue kwa bei ya kadi nzima.

Kadi ikifika, tumia lenzi ya kukuza mara 10, ileile wanayotumia madalali wa tanzanite. Itazame ngozi ya uso kwenye kadi ya picha ya rangi: utaona vitone vidogo vya rangi vimepangwa kwa mpangilio. Kisha sogeza lenzi kwenye jina lililochapwa kwa wino mweusi. Kwenye kadi halisi, herufi hizo kwa kawaida ni wino uliojaa, ukingo wake umekatika safi. Kwenye nakala iliyopigwa skani na kuchapwa upya, hata herufi zimevunjika kuwa vitone na ukingo una ukungu. Rudia mara mbili tatu kwenye kadi ya bei rahisi ya miaka ya 1970 ili jicho lizoee.

Kwa kadi za mwanzo, ongeza taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi ya miaka ya 1940 haikuwekewa dawa za kung'arisha weupe, kwa hiyo kadi ya 1948 inayowaka buluu-nyeupe ina kesi ya kujibu.

Mkunjo hauonekani kwenye picha ya moja kwa moja. Zima taa ya chumba, weka tochi ya simu mezani sambamba na kadi, izungushe polepole. Mkunjo utajitokeza kama uzi wenye kivuli.

Daraja gani linatosha

Kampuni za kupima ubora, PSA ikiwa maarufu zaidi, hutoa alama 1 hadi 10. Kwa anayeanza, kadi ya daraja 2 hadi 4 yenye uso safi ni bora kuliko ya 6 ambayo picha yake imechapwa ikaegemea upande mmoja. Kwenye kadi yenye fremu pande zote, pima fremu mwenyewe: milimita 3 kushoto na 2 kulia ni uwiano wa 60 kwa 40, unaovumilika. Milimita 4 kwa 1 inaudhi kila unapoitazama. Ila Topps ya 1971 ina fremu nyeusi, na ya 1975 fremu za rangi mbili. Hizo hubanduka wino kingoni kwa kuguswa tu, hivyo nyeupe kidogo pembeni ni ya kawaida. Munson ya 1971, namba 5, akiwa katikati ya vumbi la purukushani mbele ya kituo anacholinda mdakaji, inafaa kununuliwa hata ikiwa na kingo zilizochubuka.

Kuileta

Nauli ya bahasha moja yenye namba ya kufuatilia mara nyingi huzidi bei ya kadi ya kawaida. Kusanya 10 hadi 15 kwa muuzaji mmoja, au tumia wakala wa kukusanya mizigo aliyeko Marekani. Mweleze muuzaji ufungaji: kifuko laini, kisha plastiki ngumu, kisha vipande viwili vya kadibodi vilivyozidi kadi sentimita 2 kila upande, vyote ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Gundi ya tepu isiguse mdomo wa plastiki ngumu, kwa sababu kadi nyingi huumia pembe wakati wa kung'ang'ana na tepu.

Thamani iandikwe ya kweli na risiti iwe ndani, kwani bila risiti ofisa wa forodha atakadiria mwenyewe. Njia nzuri kwa wakazi wa Moshi ni mgeni anayekuja kupanda mlima: muuzaji amtumie yeye angalau wiki mbili kabla ya safari, aibebe ndani ya kitabu kwenye mkoba wa mkononi.

Kuitunza masika na kiangazi

Kosa la kwanza mjini ni kuipeleka stationeri ikapigwe laminesheni kama cheti. Joto na gundi huingia kwenye karatasi na hazitoki tena, na thamani imekwisha hapo hapo. Kosa la pili ni vifuko laini vya vitambulisho. Vingi ni PVC, inayotoa mafuta na kung'ang'ania wino. Kinuse: kikinuka kama kitambaa kipya cha meza cha plastiki, kirudishe. Tafuta vilivyoandikwa polipropilini. Albamu za picha zenye kurasa za kunata nazo ni adui.

Unyevu unaofaa ni asilimia 45 hadi 50. Masika, Machi hadi Mei, nyumba nyingi huzidi hapo kwa mbali, na kuvu huanzia mgongoni mwa kadi kama madoa ya kahawia. Tumia kontena la chakula lenye mfuniko wa kubana, kipimo kidogo cha unyevu ndani, na silika jeli gramu 50 kwa kontena la lita 5. Chagua punje za rangi ya chungwa. Zikibadilika kuwa kijani, zimwage kwenye trei na uzikaushe kwenye oveni nyuzi 110 hadi 120 kwa saa mbili. Usizidishe: chini ya asilimia 30 kadi hupinda, kwa kuwa mbele na nyuma hazikauki sawa.

Kontena likae kabati la ukuta wa ndani, sentimita 30 juu ya sakafu kwa ajili ya mchwa, mbali na dari ya mabati. Usiweke naftalini. Harufu haitoki, na mvuke wake hulainisha baadhi ya plastiki ngumu.

Doa la nta ya pakiti mbele ya kadi hutoka kwa kusugua taratibu na kipande cha stokingi safi, kwa mizunguko midogo. Maji, kifutio na dawa ya kung'arisha haviruhusiwi kabisa. Huinua nyuzi za karatasi na lenzi itaziona.

Andika kila kadi kwenye daftari: mwaka, kampuni, namba, vipimo ulivyopima mwenyewe, bei na nauli. Namba ya daftari iandike kwenye kibandiko nje ya plastiki ngumu, kamwe si kwenye kadi. Mvua zikianza, fungua kontena mara moja kila wiki mbili, mchana wa jua, utazame migongo.