Kabla ya kununua dume, hesabu ng'ombe wa Oktoba

Simu yenyewe huja jioni, watu wakishatoka kazini. "Shikamoo shangazi. Nimepata hela kidogo, nataka nifuge. Nianze na ng'ombe aina ya Boran au Sahiwal?" Naitikia marahaba, halafu namuuliza mpwa wangu swali linalomkera: mwezi wa kumi watakula nini?

Mimi nafuga Kongwa, Dodoma. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Baba alipofariki niliachiwa ng'ombe 19 wa asili, wale wadogo wenye nundu, na kaka zangu wakacheka kwamba sasa mwalimu atawafundisha hesabu. Nimewafundisha kweli, na hesabu ya kwanza ni hii.

Jike wa kilo 300 anahitaji kwa siku chakula kikavu cha asilimia mbili na nusu ya uzito wake, yaani kilo saba na nusu hivi. Huku kwetu, kuanzia Agosti hadi mvua zishike vizuri, hesabu siku 120 ambazo porini mmebaki vijiti. Hizo ni kilo 900 kwa ng'ombe mmoja. Robota la hei, yaani nyasi kavu zilizofungwa, nililozoea lina kilo 15, kwa hiyo marobota 60. Tuseme nusu atajitafutia mwenyewe porini na kwenye mabua ya mtama. Bado kila kichwa kinakudai marobota 30. Mpwa wangu alitaka kuanza na ng'ombe 40. Nikamwambia aandike 1,200 kwenye karatasi, kisha anieleze banda la kuyahifadhi liko wapi. Alikata simu. Wiki iliyofuata alirudi na hesabu ya ng'ombe 12.

Si yeye wa kwanza kuja Kongwa na mahesabu ya mbali. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga, wakakuta udongo unaokauka ukawa kama saruji na mvua zisizotabirika. Mwaka 1951 mpango ukafungwa. Baadaye sehemu ya ardhi hiyo ikawa ranchi, na mpaka leo ranchi ya taifa iliyopo Kongwa inafuga Boran. Ardhi hii inajua kulea ng'ombe, ila ina kiwango chake, na kiwango hicho kinaonekana Oktoba. Ukihesabu ng'ombe Machi, nyasi zikiwa kiunoni, utajidanganya.

Unauza nini?

Ukishapata idadi, amua unauza nini. Aina ya ng'ombe inakuja baada ya hapo.

Kama huna mtu wako wa kukaa na mifugo, mtu atakayeamka usiku jike akipata shida ya kuzaa, usizalishe. Nunua maksai (madume waliohasiwa) waliokonda mnadani, wape mashudu ya alizeti, pumba na molasi kwa miezi mitatu, uza. Hela inarudi baada ya siku 90 na ukikosea unajua mapema. Kuzalisha kuna uvumilivu wa aina nyingine: jike aliyepandwa Machi 2024 anazaa Desemba, ndama anaachishwa katikati ya 2025, na akiwa dume wa kuhasiwa utamuuza maksai wa maana 2027 au 2028. Katikati hapo kuna kiangazi mara tatu au nne. Watu wengi wanaoniambia wanataka kuzalisha, nikiwasikiliza vizuri, kumbe wanataka kunenepesha.

Njia nyingine ni kufuga damu safi, uuze madume na mitamba (majike ambao bado hawajazaa) ya mbegu. Inalipa, lakini mteja wako hanunui ng'ombe tu, ananunua daftari lako: mama yake alizaa lini, kila baada ya muda gani, ndama alikuwa na kilo ngapi siku ya kuachishwa. Na lazima uwe na moyo wa kuhasi. Kwa maoni yangu, katika madume 10 wa Boran safi, wawili ndio wa kubaki madume, wanane waliobaki ni nyama. Mfugaji anayewauza wote 10 kama mbegu anauza jina.

Mimi nimechagua njia ya katikati: majike wangu ni wa asili, dume ni wa Boran, nauza chotara. Majike wa asili wanakula kidogo, wanastahimili kiu na wanazaa bila kusumbua. Ndama anapata umbo la baba na uvumilivu wa mama, na ile nguvu ya mchanganyiko inakuwa kubwa kuliko wakati wowote katika kizazi cha kwanza. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Chotara dume anatokea mzuri, ananawiri, mwenye zizi anaona afadhali amwache awe dume, kwa nini anunue mwingine? Chotara akipanda chotara, sehemu kubwa ya ile nguvu inapotea, na ndama wanatoka mchanganyiko usioeleweka, huyu kama babu, yule kama bibi. Chotara dume hasiwa, hata akiwa mzuri namna gani. Mitamba chotara unayoibakiza ipandwe na Boran mwingine asiye ndugu, au na Sahiwal kama unataka maziwa zaidi nyumbani.

Usiwe na haraka ya ukubwa. Binamu yangu alisikia Simmental, wale ng'ombe wakubwa wa Ulaya, wanatoa maksai wazito, akapandikiza mbegu hiyo kwa mtamba mdogo wa asili. Ndama alikwama. Tulivuta mpaka usiku wa manane. Tukampoteza ndama, na mtamba hakusimama tena.

Halafu fanya hesabu ya zizi zima kabla hujaota utajiri. Majike 20, kwa matunzo yetu haya, wakizaa 13 kwa mwaka mimi nashukuru. Tuseme madume saba, majike sita, na kila upande umepoteza mmoja kabla ya kuachishwa. Una mitamba mitano. Kila mwaka unatoa majike wazee au wasioshika mimba kama watatu, kwa hiyo mitamba mitatu inaziba pengo. Zinabaki mitamba miwili na madume sita wa kuuza. Hicho ndicho kipato. Jike asiyezaa miaka miwili mfululizo anakula marobota yale yale 30, kwa hiyo anaenda mnadani hata kama alitoka kwenye mahari ya dada yako.

Dume, au mrija?

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo nilipoumia.

Dume wangu wa kwanza nilimnunua mnadani. Alikuwa mkubwa, mpole, wa miaka sita hivi, bei yake ilinigharimu maksai wanne. Alipanda kila jike, nikafurahi. Baada ya mwezi na kitu mchungaji akaniambia, "Mama Mwalimu, wale wa mwanzo wamerudi tena kwenye joto, wanataka dume." Nikasema subiri. Katika majike 22, 14 walirudi, wengine baada ya siku 21 kama kawaida, wengine baada ya siku 35, 40, bila mpangilio. Mpangilio huo mbovu ndio ulionishtua: jike alishika, mimba changa ikafa, ndipo akarudi. Bwana mifugo akaosha govi la dume, sampuli ikaenda maabara, na jibu likawa ugonjwa wa vibrio unaosambazwa kwa kupandana. Dume mwenyewe hana dalili yoyote. Dume mzee ndiye hatari zaidi, kwa sababu mikunjo ya govi lake ni mirefu na vijidudu vinajificha humo. Nilimuuza kwa mchinjaji, nikawapumzisha majike bila kupandwa miezi mitatu ili miili yao ijisafishe, na mwaka ule nikapata ndama saba.

Tangu hapo nanunua dume kijana ambaye hajawahi kupanda, wa miaka miwili, kutoka kwa mtu ninayeweza kumwona mama yake. Nampima kwa mkono: korodani zote mbili zilingane, ngumu kiasi, na mzunguko usiopungua sentimita 30 kwa utepe wa fundi cherehani. Namtembeza kwenye mawe nione kwato. Damu yake inapimwa ugonjwa wa kutupa mimba kabla hajagusa zizi langu, maana huo unahamia hata kwa mnywaji wa maziwa mabichi. Namuuliza muuzaji kama amechanjwa ndigana kali, kwa sababu dume aliyelelewa kwenye josho la kila wiki anaweza kufika kwenye kupe wetu asimalize mwezi. Dume kijana nampa majike 15, aliyekomaa 25 hadi 30.

Lakini haya yote ni bure kama ng'ombe wako wanachungwa pamoja na wa kijiji kizima na kukutana lamboni. Dume wa jirani hasomi daftari lako. Kama huna uzio wala mchungaji wako peke yako, ongea na majirani mnaotumia lambo moja mkahasi madume wabovu kwa pamoja, mchange mnunue mmoja mzuri. Nimeona watu wanne wakifanya hivyo na mambo yakaenda.

Uhimilishaji je, yaani kumpandikizia jike mbegu iliyogandishwa kwenye mrija? Mbegu inapatikana, kituo cha taifa kiko Usa River, Arusha, na mrija mmoja ni rahisi kuliko dume. Pia unakwepa magonjwa ya kupandana. Shida ni kuliona joto. Jike wa asili joto lake ni fupi, mara nyingi linaanzia usiku, na mchana anakula kama hakuna kitu. Kanuni ni kwamba aliyeonekana asubuhi anahimilishwa jioni, na wa jioni kesho yake asubuhi. Basi jiulize: kuna mtu wa kukaa zizini saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, akiangalia tu nani anasimama kupandwa na wenzake? Na mhimilishaji yuko umbali gani na mtungi wa naitrojeni ya maji unaohifadhi mbegu? Kwa ng'ombe wanne wa maziwa nyuma ya nyumba, mrija unashinda. Kwa 30 wa porini, dume anashinda, yeye hasinzii.

Kuna sindano za kuwaingiza majike kwenye joto kwa pamoja, mbili kwa kupishana siku 11. Zinafanya kazi kwa jike mwenye mwili, aliyekondeana hazimsaidii. Kabla ya kuchoma, kila jike apimwe mimba, kwa sababu sindano hiyo hiyo inaitoa. Na siku mhimilishaji anapokuja, angalia anayeyushaje mbegu. Mwenye maji ya uvuguvugu na kipimajoto anajua kazi. Anayeweka mrija kwapani, mpe nauli arudi.

Dume aingie lini

Wengi huku wanaacha dume na majike mwaka mzima, ndama wanazaliwa hata Septemba na kufa Oktoba. Mimi namtenga. Mimba ni siku 283 hivi, kwa hiyo atakayepandwa Machi mosi anazaa kama Desemba 9, nyasi zinachipua. Dume anaingia mwishoni mwa Februari, majike wameshiba majani mabichi na joto linaonekana, anatoka mwisho wa Aprili. Jike ambaye hakushika katika miezi hiyo miwili ameshajitaja mwenyewe. Mtamba haingii mpaka afike thuluthi mbili za uzito wa mama yake. Umri peke yake hausemi kitu, kuna wa miaka mitatu ambaye bado ni mtoto.

Na dume ana tarehe ya kuondoka. Akiingia Machi 2023, binti zake wa kwanza wanazaliwa Desemba, na Machi 2026 watakuwa na miaka miwili na miezi mitatu, tayari kupandwa. Kwa hiyo anafanya kazi misimu mitatu, 2023, 2024 na 2025, kisha anatoka kabla hajakutana na watoto wake. Wa kwangu tulimpenda, watoto walimpanda mgongoni, mchungaji alinisihi tumwache mwaka mmoja zaidi. Nilimbadilisha na wa mfugaji mwingine wa Mpwapwa, wote wawili wakiwa wamepimwa.

Mpwa wangu naye ana majike 12, dume bado hana. Februari akaja na gari akitaka tukamtafute mnadani. Nikampeleka kwanza kwenye banda lake la hei. Lilikuwa na marobota 210 badala ya 360. Tukarudi nyumbani kunywa chai.