Upasuaji wa kupunguza uzito: jinsi ya kuamua roho ikiwa juu

Hofu ya upasuaji huu huja kama furushi moja lililofungwa. Umelala chali usiku, usingizi umepaa, na yote yanakuja kwa pamoja: nisipoamka je, nikinenepa tena je, watu watasema nini, na kama ningejibidiisha tu si ningepungua bila kisu? Kosa la kwanza ni kutaka kulijibu furushi zima kwa neno moja, ndiyo au hapana. Lifungue kwanza, maana ndani yake mna hofu za aina tofauti, na dawa ya moja haiitibu nyingine.

Anza na karatasi

Chukua karatasi na dakika 20, mchana, ukiwa umekula. Andika kila hofu kwa sentensi kamili inayoanza na "Naogopa". Usiandike "kifo" ukaishia hapo, kwa sababu neno tupu halijibiki. "Naogopa nisiamke baada ya dawa ya usingizi" linajibika. Usiishie kwenye tatu za kwanza. Mara nyingi hizo ni hofu za kuazima, ulizozisikia kwa wengine. Zako zenyewe huanza kutoka ukidhani umemaliza.

Kisha weka herufi pembeni ya kila sentensi. S ni swali: kuna mtu anayelijua jibu. H ni huzuni: kuna kitu utakipoteza, na hakuna takwimu itakayokuliwaza. W ni watu. "Naogopa nisiamke" ni S, inakwenda kwa daktari wa usingizi. "Naogopa sitakaa tena mezani nikala na wenzangu kama zamani" inajifanya swali lakini ni H. Wengi hukwama hapa: wanatafuta ushahidi wa kitabibu miezi sita mfululizo, kumbe wanachohitaji ni muda wa kuomboleza sahani.

Yenye majibu, yapate majibu

Kuhusu kufa: katika vituo vyenye uzoefu, vifo ndani ya siku 30 baada ya upasuaji ni takriban 1 kwa kila watu 1,000, karibu sawa na upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Hata hivyo wastani huo si wako. Umri, uvutaji sigara, ugonjwa wa moyo, historia ya damu kuganda na pumzi kukatika usingizini huubadilisha. Kwa hiyo usimuulize daktari "ni salama?", kwani atakujibu ndiyo. Uliza: "Kwa mtu wa umri wangu na maradhi yangu, hatari yangu kubwa ni ipi, na mtaipunguzaje?" Uliza pia amefanya upasuaji wa namna hii mara ngapi, na mgonjwa akipata tatizo saa nane za usiku nani humpokea.

Watu wengi huogopa dawa ya usingizi, ilhali matatizo makubwa zaidi hutokea baadaye: kuvuja pale mfuko wa chakula ulipobanwa kwa pini, kutokwa na damu, na damu kuganda miguuni kisha kusafiri hadi mapafuni. Kuvuja hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 100, na huwa na dalili: mapigo ya moyo yanayopita 120 kwa dakika na hayashuki, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua au yanayopanda hadi bega la kushoto, kukosa pumzi. Damu kuganda ndiyo sababu utainuliwa utembee siku ileile na kuchomwa sindano za kuifanya damu iwe nyepesi. Kuyajua haya hutuliza kuliko kuambiwa "usijali", kwa sababu sasa unacho cha kuangalia na cha kufanya.

Kuhusu aina, mbili ndizo zinazofanywa zaidi. Ya kwanza ni slivu: mfuko wa chakula hukatwa ukabaki mwembamba kama ndizi, na asilimia 75 hadi 80 huondolewa moja kwa moja. Hairudishiki. Inaweza kuzidisha kiungulia au kukianzisha, hivyo kama tayari huwezi kulala bila dawa ya kiungulia, liseme hilo mapema, linaweza kubadilisha mpango mzima. Ya pili ni baipasi: hutengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kuunganishwa na utumbo chini zaidi. Kiungulia hupungua, na kisukari cha aina ya pili mara nyingi hudhibitika vizuri zaidi. Gharama yake ni kutetemeka, jasho na kuharisha baada ya vyakula vya sukari, upungufu mkubwa zaidi wa vitamini na madini, ngiri ya ndani inayoweza kuziba utumbo hata miaka baadaye, na vidonda pale palipounganishwa. Mvutaji sigara, au mtu anayemeza ibuprofeni na diklofenaki kwa maumivu ya magoti, anavialika vidonda hivyo.

Sasa kilo, maana hapa ndipo watu hupotoshwa bila mtu kusema uongo. Daktari akisema "utapungua asilimia 60", mara nyingi anazungumzia uzito uliozidi, si uzito wako wote. Chukua mtu wa kilo 130 ambaye kwa urefu wake alitakiwa awe na kilo 75. Zilizozidi ni 55; asilimia 60 yake ni kilo 33, na atabaki na 97. Aliyetoka kliniki akidhani atakuwa na 52 atajiona ameshindwa ilhali upasuaji umefanya kazi yake barabara. Kwa hesabu ya uzito wote, slivu hupunguza kama robo ndani ya mwaka mmoja au miwili, baipasi hukaribia asilimia 30. Baadhi ya kilo hurudi kwa wengi baada ya hapo. Kurudi zote ni jambo lingine, na si la kawaida.

Kama bado hujui unastahili au la, piga hesabu ya BMI, kipimo cha uzito kulingana na urefu: kilo zako ugawanye kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 110 na mita 1.65 ana 110 ÷ 2.72, yaani karibu 40. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 unapendekeza upasuaji kuanzia BMI 35 hata pasipo ugonjwa mwingine, au kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili, na kuufikiria kuanzia 30 kwa mwenye maradhi mengine ya jamii hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia vipimo ni vya chini zaidi. Mwongozo wa 1991 ulidai 40, au 35 pamoja na ugonjwa, na baadhi ya bima bado zinaufuata huo. Ukikataliwa, uliza wametumia upi.

Tena, uchaguzi si kisu au kukaa bure. Sindano ya semaglutaidi ilipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito katika wiki 68 za utafiti, na tirzepataidi kama asilimia 20 kwa dozi ya juu katika wiki 72. Ila ukiziacha, sehemu kubwa ya uzito hurudi. Mwenye hofu kubwa ya upasuaji ana haki ya kuziulizia kwanza, na asionekane mwoga.

Huzuni haitibiwi kwa takwimu

Kwa siku 14, kila ukila bila njaa, andika mstari mmoja: saa ngapi, wapi, nini kilitangulia. "Saa tatu usiku, jikoni nimesimama, baada ya simu ya bosi." Usijirekebishe, andika tu. Mwishoni utaona chakula kinakufanyia kazi gani. Kama ndicho kinachokutuliza, ujue upasuaji utaufunga mlango huo kwa siku moja, lakini lile lililokuwa likikusukuma jikoni litabaki palepale, likitafuta mlango mwingine. Hasa baada ya baipasi, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi, na hatari ya ulevi huongezeka kuanzia mwaka wa pili. Kwa hiyo kitulizo kingine kitafutwe kabla, si baada.

Aliyewahi kuwa na sonona au kufikiria kujidhuru amwambie daktari bila kuficha. Tafiti zimeonyesha kujidhuru huongezeka kwa baadhi ya watu baada ya upasuaji, na vidonge vya sonona vinaweza kufyonzwa tofauti. Hilo peke yake halikufungii mlango; linabadilisha namna utakavyofuatiliwa. Ndiyo maana kuna mahojiano na mwanasaikolojia kabla. Watu huyachukulia kama mtihani, wakajibu majibu mazuri. Anayeficha kwamba hula kwa kujificha hadi tumbo limuume anajinyima msaada ambao angeuhitaji mwezi wa nne baada ya upasuaji.

Halafu fanya zoezi la siku tatu. Kula kwenye sahani ndogo, kila mlo dakika 20 hadi 30, tafuna hadi chakula kiwe kama uji. Usinywe chochote ukiwa unakula, wala nusu saa baada ya kula. Kunywa lita 1.5 za maji kwa siku, funda moja moja. Unayetumia insulini au vidonge vya kisukari usijaribu kabla ya kuongea na daktari, sukari inaweza kushuka ghafla. Zoezi hili halipimi nguvu ya nia. Njaa yenyewe hupungua baada ya upasuaji, kwa hiyo upande huo ni mgumu zaidi sasa kuliko itakavyokuwa. Linakuonyesha ni wapi panauma. Mwingine hugundua kula kidogo si shida, shida ni kutokunywa maji na chakula. Mwingine huona aibu ya kumaliza wa mwisho. Yaandike, ni malighafi ya mazungumzo na mtaalamu wa lishe.

Kuna sharti moja ambalo watu hulipitia juu juu, nalo ni la maisha yote: vidonge. Multivitamini, B12, madini ya chuma, vitamini D kama yuniti 3,000 kwa siku, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500 iliyogawanywa mara mbili au tatu na isiyomezwa pamoja na chuma, protini gramu 60 au zaidi kwa siku, na vipimo vya damu kila mwaka. Ukitapika mfululizo baada ya upasuaji, upungufu wa vitamini B1 unaweza kudhuru ubongo ndani ya wiki chache. Ukiona hutaweza kuvinunua au kuvimeza kila siku, basi "bado" ni jibu la mtu mwenye akili timamu.

Watu

Huna deni la maelezo kwa kila mtu. Chagua wawili: atakayekuuguza, na atakayeweza kusikia mashaka yako bila kukusukuma upande wowote. Kwa wengine andaa sentensi moja na uirudie vilevile: "Ni matibabu, niko na madaktari, nikiwa tayari nitasema." Mwenzi anayeshinikiza ufanyiwe, au kliniki inayotoa punguzo linaloisha Ijumaa, ni sababu ya kusimama.

Mwili ukishikwa na hofu

Moyo ukienda mbio, vuta pumzi ukihesabu 4, itoe ukihesabu 6, kwa dakika 5. Kutoa kurefu kuliko kuvuta ndiko kunakopunguza mapigo. Tenga dakika 15 kwa siku, saa ileile, za kuwaza upasuaji. Wazo likija nje ya hapo liandike, liambie lisubiri zamu yake. Na usipekue mtandaoni baada ya saa mbili usiku. Wanaoandika sana ni walioumia vibaya na walio katika furaha ya miezi ya mwanzo. Aliye katikati, anayemeza kalsiamu yake na kwenda kazini, haandiki. Hofu ikikunyima usingizi au kazi kwa zaidi ya wiki mbili, itibiwe yenyewe kwanza.

Kuamua

Weka tarehe, wiki nne hadi sita mbele. Majibu yawe matatu: ndiyo, hapana, na "bado" yenye tarehe ya kurudi. Wiki ya mwisho, ishi siku tatu kana kwamba umeshasema ndiyo, kisha siku tatu kana kwamba umesema hapana, na kila asubuhi andika ulivyolala na wazo lililokuamsha. Nafuu ya "hapana" ikidumu siku tatu bila swali kurudi, ina uzito. Ikiyeyuka jioni ileile, ilikuwa ya kukimbia tu. Usisubiri hofu iishe ndipo uamue. Hata aliyeamua vizuri huingia chumba cha upasuaji mikono ikiwa baridi.

Ukisema ndiyo, yapo ya kupanga mapema: kuacha sigara angalau wiki 6 kabla, mlo mwepesi wa takriban wiki 2 ili ini lipungue na daktari apate nafasi, na kazi kusimama wiki 2 hadi 4 baada ya upasuaji. Mwanamke aahirishe ujauzito miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji. Uzazi unaweza kurudi haraka uzito ukishuka, na vidonge vya kuzuia mimba si vya kutegemewa baada ya baipasi. Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita baada ya upasuaji, kisha kwa kawaida huota tena. Ngozi italegea.

Kutia saini hakukufungi. Una haki ya kuahirisha hadi dakika ya mwisho kabla ya dawa ya usingizi, hata ukiwa umeshavaa gauni la wodini na sindano iko mkononi. Maneno yanatosha kuwa machache: "Naomba msimamishe kwanza, nataka kuongea na daktari wangu."